Jeni za Saratani: Zipi za Virusi, Zipi Zetu

Mwaka jana jirani yangu wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, alinisimamisha njiani baada ya sala ya alasiri akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu hapo kichochoroni. Dada yake alikuwa amerudi kutoka hospitali akiwa ameambiwa kwamba ana saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba saratani hiyo huletwa na virusi. Tangu siku hiyo, nyumbani kwao, dada huyo alitengewa sahani yake, kikombe chake na mkeka wake wa kulia. "Mwalimu, nambie kweli," alisema, "saratani ni maradhi ya kuambukizana? Na kama ni ya virusi, mbona mwanangu aliyesoma ananambia kuwa jeni za saratani sote tumezaliwa nazo?"

Nimefundisha baiolojia kisiwani hapa kwa muda wa kutosha kujua kwamba swali kama hilo halitokani na ujinga. Limetokana na maneno mawili ya kweli yaliyokutana bila ya mtu kuyafafanua. Ni kweli kwamba baadhi ya virusi husababisha saratani, na ni kweli vilevile kwamba jeni zinazoweza kuigeuza seli kuwa ya saratani tunazo mwilini tangu tumboni mwa mama zetu. Linalohitaji kuelezwa ni uhusiano baina ya mambo hayo mawili: jeni zinazobebwa na virusi zimetoka wapi, zinafanana vipi na zetu, na ni wapi zinapoachana nazo kabisa. Naanza na kuku, kwa kuwa elimu yenyewe ilianza na kuku.

Mwaka 1909 Peyton Rous, mtafiti wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, aliletewa kuku jike aliyekuwa na uvimbe mkubwa kifuani. Rous alikata vipande vya uvimbe huo akavipandikiza kwa kuku wengine wa ukoo uleule, na uvimbe ukaota. Kisha akafanya jambo ambalo wenzake hawakulitarajia: aliusaga uvimbe, akauchuja kwa kichujio chenye matundu madogo mno kiasi kwamba si seli wala bakteria waliweza kupita, na maji yaliyotoka upande wa pili, yasiyo na seli hata moja, akawadunga kuku wazima. Wakapata saratani ileile. Alitangaza matokeo yake mwaka 1911, na kwa miaka mingi wataalamu wengi waliyaona kuwa ni jambo la kuku tu, lisilomhusu binadamu. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 87.

Kilichopita katika kichujio kile ni kirusi, nacho ni cha jamii ambayo leo huitwa retrovirusi. Ili kuelewa jamii hii, msomaji akumbuke jinsi seli inavyotunza maandishi yake. Asili imeandikwa katika DNA na huhifadhiwa ndani ya kiini cha seli, kama msahafu wa zamani unaowekwa ndani ya kasha na kutolewa kwa nadra. Kazi za kila siku hufanywa kwa nakala zinazoandikwa kwa RNA, ambazo hutoka nje ya kiini, husomwa, protini zikatengenezwa kufuatana na maelekezo yake, kisha zikatupwa. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba safari hiyo ni ya upande mmoja tu, kutoka asili kwenda kwenye nakala. Mwaka 1970 Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake, walionyesha kwamba retrovirusi huenda kinyume. Kirusi hubeba maandishi yake kwa RNA, na kikishaingia ndani ya seli hutumia kimeng'enya chake maalumu kuyageuza kuwa DNA, kisha DNA hiyo huchomekwa ndani ya DNA ya seli yenyewe. Tangu hapo seli haina namna ya kutofautisha ukurasa wake na ukurasa wa mgeni; ikigawanyika, huvinakili vyote viwili.

Katika mwaka huohuo mtafiti Steven Martin alipata aina ya kirusi cha Rous yenye tabia ya ajabu. Seli za kuku zilizoambukizwa kirusi hicho, zikiwekwa katika joto la nyuzi 36, ziligeuka: zilipoteza umbo lake, zikaviringika, zikarundikana juu ya wenzake kama zinavyofanya seli za saratani. Joto likipandishwa mpaka nyuzi 41, zilirudi kuwa seli za kawaida, huku kirusi kikiendelea kuzaana ndani yake bila ya tatizo. Maana yake ni kwamba kulikuwa na jeni moja, yenye protini iliyoharibika kidogo na isiyostahimili joto, ambayo kazi yake ilikuwa kuleta saratani tu. Jeni hiyo ilikuja kuitwa src, kifupi cha neno sarkoma, ambayo ni aina ya saratani aliyokuwa nayo kuku wa Rous. Wengine walipata virusi vilivyopoteza kabisa kipande chenye jeni hiyo, na virusi hivyo viliishi na kuzaliana vizuri bila ya kuwapa kuku saratani.

Hapa pana fumbo ambalo naona linastahili kukaliwa kitako. Kirusi ni kiumbe kidogo mno, na mzigo wake wa maandishi ni mchache. Retrovirusi ya kawaida ina jeni kuu tatu tu, moja ya viungo vya ndani, moja ya vimeng'enya, na moja ya gamba la nje. Kwa nini basi kirusi cha Rous kibebe jeni ya nne ambayo hakiihitaji? Tena jeni inayomuua kuku ambaye ndiye nyumba yake na chombo chake cha kusafiria. Nahodha hapakii mizigo mizito isiyo na mwenyewe.

Palikuwa na dhana moja iliyopendwa wakati ule, iliyotolewa mwaka 1969 na Robert Huebner na George Todaro. Walisema kwamba wanyama wote wamerithi ndani ya DNA yao mabaki ya virusi vya zamani, yakiwemo maandishi ya kuleta saratani, na kwamba moshi, mionzi au kemikali huyaamsha mabaki hayo. Kwa dhana hiyo asili ni ya kirusi, nasi tumebebeshwa tu. Ilikuwa dhana ya maana, na iliwasukuma watu kutafuta. Walichokipata ndicho kilichoipindua.

Katika Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, Michael Bishop na Harold Varmus, pamoja na Dominique Stehelin kutoka Ufaransa na Peter Vogt, walitengeneza kitu cha kutafutia jeni ya src. Njia yao ni nyepesi kuieleza ingawa kuitekeleza kulikuwa na taabu. Walichukua nakala za DNA za kirusi kizima zilizotiwa alama ya mnururisho, zikiwa zimekatikakatika, wakazichanganya na RNA ya kile kirusi kilichopoteza src. Vipande vyote vilivyopata mwenzake viliungana naye, kwa sababu nyuzi za DNA na RNA zenye maandishi yanayolingana hushikana. Vilivyobaki bila ya mwenzake vilikuwa ni vya src peke yake. Hivyo ndivyo walivyoichekecha jeni moja kutoka kwa nyingine zote. Kisha wakavitia vipande hivyo katika DNA ya kuku mzima, asiye na saratani wala uvimbe, wakaangalia kama vitashika.

Vikashika. Kuku wa kawaida alikuwa na src. Walipojaribu kwa kwale, kwa bata, na hata kwa emu, yule ndege mkubwa wa Australia anayefanana na mbuni, vilishika pia, na kadiri ndege alivyokuwa mbali na kuku kwa nasaba ndivyo mshiko ulivyolegea. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1976. Baadaye src ilipatikana kwa mamalia, binadamu akiwa mmoja wao, na hata kwa nzi wa matunda.

Mabaki ya kirusi hayawi na tabia hiyo. Kama kirusi kingekuwa kimewaingia kuku zamani na kuwaachia maandishi yake, tungetarajia kuyakuta kwa jamii hii na kuyakosa kwa ile, au kuyakuta yamechakaa kwa kukosa kazi. Jeni inayopatikana kwa ndege wote, kwa wanyama na kwa wadudu, na inayobadilika polepole kwa mwendo uleule wa nasaba zao, ni jeni ya nyumbani, tena ni jeni yenye kazi, kwa sababu maumbile hayatunzi kwa uangalifu namna hiyo kitu kisicho na faida. Tangu hapo wataalamu huandika c-src wanapokusudia ile ya seli na v-src wanapokusudia ile ya kirusi. Jeni ya seli ikiwa katika hali yake ya kawaida huitwa proto-onkojeni. Ikishaharibika na kuisukuma seli kwenye saratani huitwa onkojeni. Bishop na Varmus walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1989.

Mwanafunzi mwerevu ataniuliza: tunajuaje kwamba kirusi ndicho kilichoichukua jeni kutoka kwa kuku, na si kuku aliyeipata kutoka kwa kirusi, zamani sana, kabla ya ndege na wadudu kuachana? Ushahidi ninaoupenda kuliko wote umo katika uandishi wenyewe. Kisiwani Pate, katika mji wa Siyu, walikuwapo mafundi waliojulikana kwa kunakili misahafu kwa mkono, na wanaochunguza maandiko ya zamani hujua kuitambua nakala kwa kile kilichoachwa na mnakili. Sasa, jeni za seli zetu hazikuandikwa kwa mfululizo. Katikati ya maneno yenye maana huwa pana vipande virefu visivyosomwa. Seli huandika nakala ya awali ya RNA pamoja na vipande hivyo, kisha huvikata na kuunga yaliyobaki kabla ya nakala kutumika. Jeni ya c-src katika DNA ya kuku ina vipande hivyo, tena vingi. Jeni ya v-src haina hata kimoja. Kirusi kilinakili kutoka kwenye nakala ambayo seli ilikuwa imekwisha kuisafisha, na mwenye nakala safi hawezi kuwa ndiye aliyeandika ya asili yenye vipande ambavyo yeye hanavyo.

Namna wizi huo ulivyotendeka inafahamika kwa jumla. Retrovirusi huchomeka DNA yake mahali popote penye nafasi katika DNA ya seli. Ikitokea imeangukia jirani na c-src, seli inaponakili maandishi ya kirusi huweza kupitiliza mpaka ndani ya jeni ya jirani, na nakala moja ikawa na maneno ya wote wawili. Kirusi husafiri na nakala mbili za RNA ndani ya gamba lake, na kimeng'enya chake, ambacho ni mwandishi mwenye haraka na makosa mengi, huweza kuruka kutoka nakala moja kwenda nyingine katikati ya kazi. Kwa mruko kama huo kipande cha seli hushonwa ndani ya maandishi ya kirusi. Ni tukio la nadra mno, na aghalabu humgharimu kirusi mwenyewe, kwa maana virusi vingi vilivyochukua jeni za seli vimepoteza baadhi ya jeni zao za lazima na haviwezi kuzaana bila ya kusaidiwa na kirusi kingine kizima kilichomo ndani ya seli hiyohiyo. Kirusi cha Rous kina bahati ya kuwa na zote.

Lakini kama src ni ya kuku mwenyewe, mbona c-src haimuui? Protini ya c-src ya kuku ni mnyororo wa asidi amino 533, yaani vijenzi vidogo ambavyo protini zote huundwa navyo, na kazi yake ni kubandika fosfati juu ya protini nyingine, mahali penye asidi amino iitwayo tirosini. Kubandika huko ni ishara: protini iliyobandikwa huamka na kupeleka ujumbe mbele, kwamba seli ijongee, ishikamane na jirani, au ijiandae kugawanyika. Protini yenye uwezo huo haiwezi kuachwa wazi. Karibu na mkia wake, katika nafasi ya 527, ipo tirosini ambayo yenyewe hubandikwa fosfati na kimeng'enya kingine. Ikishabandikwa, mkia hujikunja na kujikaza kwenye kiwiliwili cha protini, na kazi ikafungwa. Hebu utazame mlango wa zamani wa nyumba ya mawe hapa Mkomani, ule wa mbao za mabamba mawili yaliyochongwa: uzito wake na nakshi zake ni vya kutazamwa, lakini kinachoamua nani aingie usiku ni komeo la ndani. Mkia ule ndio komeo la c-src. Ujumbe halali unapofika, komeo huondolewa kwa muda, kazi ikafanyika, kisha likarudishwa.

Katika v-src asidi amino 19 za mwisho hazipo, na mahali pake pameshonwa nyingine 12 zisizohusiana nazo. Tirosini ya 527 imekwenda na kipande hicho. Mlango ni uleule, bawaba ni zilezile, ila komeo halipo, na seli hupokea amri ya kugawanyika mchana na usiku bila ya yeyote kuitoa. Kirusi huongeza jambo la pili: kikichomeka jeni hiyo huiandika chini ya amri zake chenyewe, ambazo ni za nguvu, kwa hiyo protini hutengenezwa kwa wingi kuliko seli ingeitengeneza. Makosa mawili, ubora na wingi, yamekutana katika jeni moja.

Ndiyo maana mimi silipendi jina la "jeni ya saratani", ijapokuwa limeshazoeleka. Mwaka 1991 watafiti waliwatengeneza panya wasio na src kabisa, na hao hawakuwa panya walioepushwa na balaa. Seli zao zinazokula mfupa mkuukuu ili mpya ujengwe hazikuweza kazi yake, mifupa ikawa minene kupita kiasi, na meno yakashindwa kutoka kwenye ufizi. Jeni tunayoiita ya saratani ndiyo inayomwezesha mtoto kuota meno.

Baada ya src zilifuata nyingine nyingi, na kila moja ilikuwa na mwenzake ndani ya seli ya kawaida. Jeni ya sis, iliyopatikana katika kirusi cha nyani, ilitambuliwa mwaka 1983 kuwa ni ya ujumbe wa ukuaji unaotolewa na chembe sahani za damu pale penye jeraha. Jeni ya erbB, ya kirusi cha kuku, ni kipokezi cha ujumbe kinachokaa kwenye utando wa seli, isipokuwa kimekatwa sehemu ya nje na sasa hujiona kimepokea hata kama hakuna aliyeleta. Jeni ya ras, iliyotoka kwa panya, ni swichi iliyo chini ya utando. Jeni ya myc, ya kirusi kingine cha kuku, hufanya kazi ndani ya kiini na kuziamsha jeni nyingine. Ukizipanga hizi kwa mstari utaona kwamba ni vituo vya njia moja: mjumbe, mpokezi, mpitishaji, na mwenye kutoa amri ya mwisho. Virusi, bila ya kukusudia lolote, vilikuwa vimetuchorea ramani ya jinsi seli inavyoamua kukua.

Ramani hiyo ilipofika kwa binadamu, jambo la kushangaza likadhihirika. Mwaka 1982 maabara kadhaa za Marekani zilipata jeni iliyokuwa ikiendesha saratani ya kibofu cha mkojo katika seli za mgonjwa, nayo ikawa ni ras. Hapakuwa na kirusi chochote. Tofauti baina ya jeni ya mgonjwa na ile ya mtu mzima wa afya ilikuwa ni herufi moja tu ya maandishi ya DNA, G iliyogeuka T, na kwa sababu hiyo asidi amino ya 12 kati ya 189 za protini ikabadilika kutoka glisini kuwa valini. Swichi ikanasa mahali pa kuwaka. Saratani nyingi za binadamu ni za namna hii: jeni zetu wenyewe, zilizoharibiwa na moshi wa tumbaku, mwanga mkali wa jua, au makosa ya kunakili yanayojikusanya kadiri umri unavyosonga, na kwa kawaida huhitajika zaidi ya kosa moja. Katika kundi hili hakuna cha kuambukizana, na yule kijana aliyemwambia mama yake kwamba tumezaliwa na jeni hizo alisema kweli.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wa karibu unaounganisha mambo hayo. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliwaona watoto wenye uvimbe wa taya uliokuwa ukikua kwa kasi ya kutisha, na baadaye alipochora ramani ya maradhi hayo aliyakuta zaidi katika nchi za joto na mvua, zile zilizozoea malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Mtu angetarajia kirusi hicho kiwe kimebeba myc au ndugu yake. Hakikubeba. Ndani ya seli za wagonjwa, kipande cha kromosomu ya 8 chenye myc ya mtoto mwenyewe kilikuwa kimekatika na kuungana na kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14, jirani na jeni za kutengenezea kingamwili ambazo katika seli hizo hazilali. Kirusi husaidia seli za damu kuishi na kuongezeka, malaria huzichokoza mara kwa mara, na katika msukosuko huo kosa la kuunga kromosomu hupata nafasi ya kutokea na kudumu. Kirusi kimoja, vimelea vya malaria, na jeni ya nyumbani iliyohamishwa mahali pake, vyote vimekutana katika taya la mtoto mmoja.

Nimefika sasa kwenye ugonjwa wa yule dada, ambao ni wa mlango mwingine kabisa, na hapa ndipo ninapoona watu wengi, hata waliosoma, wakichanganya. Virusi vya HPV, yaani virusi vya papiloma vya binadamu, ambavyo Harald zur Hausen na wenzake walivitambua katika saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1983 na 1984, si retrovirusi. Vina DNA yao wenyewe, kiasi cha herufi 8,000 hivi zilizofungwa kama pete, na jeni zao mbili zinazoleta saratani, E6 na E7, hazina mwenzake ndani ya seli zetu. Hazikuibwa kwa mtu. Ni zana za kirusi mwenyewe, na kinazihitaji ili kiishi, tofauti na kirusi cha Rous ambacho src kwake ni mzigo mtupu.

Sababu yake ni hii. HPV huishi katika tabaka za ngozi na utando ambazo seli zake, kadiri zinavyopanda juu, huacha kugawanyika na hufunga mitambo ya kunakili DNA. Kirusi hakina mitambo hiyo. Hutegemea ya seli. Kwa hiyo huilazimisha seli iliyostaafu irudi kazini. Protini ya E7 huishika protini yetu iitwayo Rb, ambayo ndiyo breki inayozuia seli isianze kunakili DNA bila ya ruhusa. Seli ina mlinzi wa pili, p53, ambaye akiona mambo yanakwenda kombo huamuru seli isimame au ijiue kwa faida ya mwili. E6 humkamata mlinzi huyo na kumpeleka kwenye mtambo wa kuvunjia protini. Ras na src zilizoharibika ni sawa na kukanyaga mafuta. E6 na E7 hung'oa breki. Safari ya gari huishia mahali pamoja, lakini fundi atakayelitengeneza atafungua sehemu tofauti.

Hata hivyo mpaka huu si ukuta. Kirusi cha sarkoma ya Kaposi, kilichogunduliwa mwaka 1994, ni cha DNA na bado kina jeni kadhaa zinazofanana waziwazi na zetu, ikiwemo moja ya kuisogeza seli katika hatua za kugawanyika na nyingine ya ujumbe baina ya seli za kinga. Hizo nazo zilichotwa kwetu zamani, ila kirusi hiki kimezifanyia kazi na kuzitunza kwa muda mrefu, na zinakifaa.

Kuhusu kikombe na sahani, jibu lilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia. HPV huambukizwa kwa ngozi kugusana na ngozi, hasa katika tendo la ndoa. Hakisafiri kwenye chai wala kwenye wali. Watu wengi wanaokutana nacho mwili wao hukiondoa wenyewe, kwa kawaida ndani ya miaka miwili. Anayebaki nacho kwa miaka mingi ndiye aliye hatarini, kwa kuwa baada ya muda mrefu kipande cha DNA ya kirusi huweza kuchomeka katika DNA ya seli na kuharibu E2, jeni ya kirusi ambayo huzipunguza kasi E6 na E7. Saratani yenyewe, ikishaota, ni seli za mama huyo mwenyewe, na seli zake haziwezi kumhamia dada yake kwa kula pamoja mkekani.

Jirani yangu alikuwa na swali la pili, la binti yake wa miaka kumi, aliyeitiwa chanjo shuleni. Kenya iliingiza chanjo ya HPV katika ratiba ya kawaida mwaka 2019, kwa wasichana wa umri huo. Aliogopa kwamba kumchanja ni kumtia mtoto jeni za saratani. Nilimchorea kwa chaki kwenye kibaraza changu. Kirusi kina gamba la nje lililoundwa na protini iitwayo L1, na ndani ya gamba mna ile pete ya DNA yenye E6 na E7. Chanjo hutengenezwa kwa L1 peke yake, ambayo inapotengenezwa hujipanga yenyewe ikawa na umbo la gamba kamili, na mwili huliona gamba hilo na kujifunza kulikataa. Akaniuliza ndani mna nini. Nikafuta kwa kidole ile pete niliyoichora katikati, ukabaki mduara mtupu.